Kanda ya Ijumaa

"Mama Taju, kweli wewe hujawahi kuimba klabu?"

Concy aliuliza hivyo bombani, Jumatatu asubuhi, mbele ya wanawake sita waliokuwa wanangoja zamu na madumu yao ya manjano. Aliuliza kwa wema tu, jinsi mtu anavyomuuliza mwenzake kama leo kapika muhogo. Wao wawili ni majirani wa ukuta mmoja huko Makindye kwa miaka kumi na tisa, na kwa muda wote huo Concy amekuwa akimsikia Umulkheir akiimba huku anatwanga karanga, akiimba huku anaanika nguo, kwa sauti ya chini asiyojua kwamba inapita juu ya ukuta.

"Klabu gani?" Umulkheir akauliza.

"Ile nyimbo ya Reine, 'Bwana wa Nateete'. Jana wameipiga kwa redio. Pale Reine anauliza, kuna mwanamke anamjibu. Huyo anayejibu ni wewe. Mimi masikio yangu nilizaliwa nayo, sikununua."

Wanawake wakacheka. Mmoja akasema hata dumu lake angeliacha hapo, aende kumtazama mwalimu wa Kurani akikata kiuno. Umulkheir hakucheka. Kila Jumamosi aliwafundisha wanawake wa mtaa kusoma, wengine wakubwa kuliko yeye, na walikuwa wakimwamini kwa sababu hakuna aliyewahi kumkuta na la kumkuta nalo. Aliweka dumu chini, akasema polepole ili kila mmoja asikie:

"Wallahi, sauti yangu haijawahi kuvuka mlango wa nyumba yangu."

Concy akashika mdomo. "Basi, Mama Taju. Mimi nilikuwa nauliza tu. Usiapie kitu ya kucheka."

Lakini alikuwa amekwisha kuapa.

Hakuondoka pale na wasiwasi. Marehemu mumewe, Kamis, ndiye aliyeanzisha lebo ya Makindye Sauti, hilo kila mtu analijua. Lakini lebo ilikuwa ya Kamis na nyumba ilikuwa ya Umulkheir, na mpaka kati ya hivyo viwili ulikuwa wazi. Lebo yenyewe ilikuwa mashine moja ya kurekodia na magodoro manane. Magodoro Kamis aliyakodi kwenye shule ya bweni. Asubuhi, kabla klabu haijafungua, Kamis aliyafunga ukutani kwa kamba ili ukumbi usirudishe mwangwi, bendi ikapiga nyimbo zake tatu nne, na kufika saa kumi lazima magodoro yawe yamerudi, kwa sababu kuna watoto wa kuyalalia. Bendi zile hazikuwa na jina nje ya mlango wa klabu yao. Kamis ndiye aliyewatoa nje. Kanda zao ziliuzwa Nateete sokoni na kwenye steji za teksi, na makaratasi ya juu yake Umulkheir ndiye aliyeyakata kwa mkasi na kuyaandika majina kwa mkono. Klabu hakuwahi kukanyaga, wala Kamis hakuwahi kumwomba.

Ila Ijumaa. Kila Ijumaa, wakitoka kula baada ya sala, Kamis aliifuta mashine vichwa vyake kwa pamba na spiriti, akaipima kwa kazi ya kesho. "Nipe sauti kidogo," alikuwa akimwambia mkewe. Na Umulkheir alifunga mlango wa chumba cha nyuma, akaimba doluka, nyimbo zile za wanawake wa Kinubi zinazoimbwa chumbani kwa bibi harusi, mahali ambapo mwanamume haruhusiwi hata kupita dirishani. Mume si mtu wa nje. Akimaliza, Kamis alibonyeza kitufe chekundu, kitaa kikawaka, akasema, "Nimefuta." Umulkheir alikitazama kile kitaa, akaridhika. Zilikuwa saa nzuri kupita zote za ndoa yake, ingawa hilo hakuwahi kumwambia mtu.

Wimbo wa Reine aliusikia mara nyingi, kwenye harusi za watu na kwenye magari yanayopita. Lakini mtu hajui sauti yake inavyosikika nje ya kichwa chake.

*

Siku ya kumi baada ya bombani, Reine mwenyewe alibisha hodi.

Siku hizi ana saluni Nateete. Yule mwanamke aliyetoka Kongo na sanduku moja, aliyekuwa akisimama jukwaani amevaa shanga kifuani na kuwafanya wanaume wasahau vinywaji vyao, alikuja amevaa sketi ya kufika chini na Biblia kwenye mkoba. Umulkheir alimkaribisha, akamwekea chai yenye tangawizi na kabalagala mbili za ndizi kwenye sahani. Reine hakuzigusa.

"Mama Taju, mi niliokoka. Sasa ni miaka mbili."

"Nimesikia. Hongera."

"Mtu akiokoka hawezi kuweka mkono yake kwa uongo." Akafungua mkoba, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akainyoosha juu ya meza kwa kiganja. "Angalia hapa. Hii ni mkono ya nani?"

Karatasi ilikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza cha Umulkheir kiliishia darasa la saba. Lakini sahihi yake aliijua. Aliandika jina lake jinsi alivyofundishwa shuleni, kila herufi imesimama peke yake, ile ya mwisho ina mkia mfupi. Aliitia sahihi hiyo mwezi wa Shaabani, kwenye meza hiihii. Mwanawe Tajudin aliweka kidole mahali pa kuandika, akasema ni ya mita ya umeme, kuitoa kwa jina la marehemu na kuileta kwa jina lake.

"Inasema nini?"

"Inasema uliimba na mimi 'Bwana wa Nateete', na umekubali watu wa Nairobi waitoe dunia nzima."

"Mimi sijaimba na wewe."

"Uliimba, mama." Reine alikuwa anazungusha kikombe bila kukiinua. "Kulikuwa mvua. Nilikuja hapa Ijumaa kuchukua nguo uliyonishonea, mvua ikanikamata. Kamis akasema anataka kupima sauti mbili pamoja. Mi nikaimba, wewe ukaitika. Umesahau?"

Hakuwa amesahau. Alikumbuka hata alivyofurahi. Reine ni mwanamke, mlango ulikuwa umefungwa, na mtu wa tatu alikuwa mume wake. Reine aliimba swali lake, yeye akajibu kwa doluka, kwa sababu ndiyo majibu aliyokuwa nayo. Alipokuja kuusikia wimbo redioni, alidhani kuna mwanamke wa klabu aliyeiga majibu hayo.

"Aliyetakiwa kuitika kwa klabu ni Juliet," Reine akaendelea. "Juliet akafuata mwanaume Juba. Kesho yake magodoro yako kwa ukuta, bendi iko tayari, hakuna wa kuitika. Kamis akatoa kanda kwa mfuko, akaweka sauti yako kwa nyimbo."

"Aliifuta. Nilimwona anaifuta."

Reine akatazama chai. "Hakufuta, mama."

Nje mtu alikuwa anauza samaki wa kukaanga, akitaja bei yake kwa wimbo. Umulkheir alimsubiri apite, kana kwamba yule naye angesikia.

"Kuna lingine, Reine?"

"Hapana. Yote nimesema." Alisema hivyo bila kuinua macho. Kisha akaongeza haraka, "Huyu Mkenya, Makokha, nimemwambia siweki sahihi mpaka wewe mwenyewe useme. Amekubali. Anataka sisi wawili tuende tuseme kwa mdomo, arekodi. Alhamisi ijayo, kule Ntinda kwa Taju."

"Na Taju amesema nini?"

"Amesema nimemharibia."

*

Tajudin alirudi alasiri, akakuta karatasi iko mezani peke yake, sahani zimekwisha kuondolewa. Mama yake alikuwa amekaa upande wa pili, mikono mapajani.

"Mita ya umeme," Umulkheir akasema. "Imefika?"

Tajudin alivuta kiti, akakaa. Alikuwa na miaka thelathini na moja, na mabega ya baba yake. "Ningekueleza, Mama."

"Lini?"

"Mambo yakishakuwa mazuri."

"Ulijua ni sauti yangu."

"Nilijua mwaka jana. Nilifungua sanduku la Baba, lile la chuma, nikakuta kanda arobaini na moja. Zote za Ijumaa. Ameandika tarehe kila moja kwa mkono wake." Uso wake ulichangamka kidogo, kama mtu anayetoa zawadi. "Hakufuta hata moja, Mama. Yeye alikuwa anakupenda."

"Mtu akikupenda anakuambia amefuta?"

Tajudin akaanza kueleza, na alieleza vizuri, kwa sababu maneno hayo alikuwa amekwisha kuyasema peke yake mara nyingi. Makokha anakusanya muziki wa klabu za zamani, anautoa upya na historia yake, lebo kwa lebo. Amechagua nyimbo kumi na mbili za Makindye Sauti. Lakini wimbo watu wanaoujua ni mmoja. Bila 'Bwana wa Nateete' hataki hata hizo kumi na moja nyingine.

"Mimi nimefanya nini toka Baba afe?" akauliza. "Nimebeba mashine. Wenzangu wana nyumba, wana wake. Mimi kila mwezi nasema kesho, kesho. Wananiita Bwana Kesho pale Ntinda, unajua? Hii ndiyo kesho yenyewe. Ikifa, Makindye Sauti imefia mikononi mwangu."

"Ulinishika mkono nikaandika jina langu kwenye uongo."

"Ningekuuliza ungekataa."

"Basi ungenipa nafasi ya kukataa."

Tajudin alikunja uso. "Mama, ni sauti tu."

"Niliapa bombani, Taju. Kwa jina la Mwenyezi Mungu, mbele ya watu saba."

"Hukujua. Mungu anajua hukujua."

"Mungu anajua," Umulkheir akasema. "Concy je?"

*

Asubuhi yake alikwenda kwa Concy kabla hajanywa hata maji. Concy huuza makaa mlangoni kwake, na wakati ule alikuwa anayapanga mafungu, mikono myeusi mpaka viwikoni.

"Concy, ile sauti ni yangu. Niliapa vibaya. Sikujua."

Concy hakushangaa. Alijifuta kwa gunia, akamsogezea stuli. "Mimi nilijua. Hiyo nyimbo nimeicheza na mimba ya mtoto wangu wa kwanza mpaka kiatu ikakatika. Nilikuwa nasema, huyu mwanamke anajibu kama mtu ambaye yuko nyumbani kwake." Kisha akapunguza sauti. "Lakini, Mama Taju, kwa nini ni wewe unazunguka kuomba msamaha? Wewe umemwibia nani?"

Umulkheir akasema alilojia. "Waambie wale wengine wa bombani. Wote sita."

"Waache hao. Wamesahau."

"Hawajasahau. Waambie."

Concy aliwaambia, kwa shingo upande, na habari haikukaa kwa sita. Jumamosi Umulkheir alipofika darasani, Husnah alikuwa anamngoja nje ya mlango. Husnah ndiye msimamizi wa wanawake wa msikiti, mtu wa maneno laini. Akamshika mikono yote miwili.

"Dada yangu, hakuna aliyesema umekosa. Mimi mwenyewe nimewaambia, huyu kadhulumiwa. Lakini wanafunzi wana waume, na waume wana midomo. Wanaulizana, mwalimu wa wake zetu ndiye yule wa redio? Pumzika mwezi mmoja, maneno yapoe. Sumayiya atashika darasa."

Sumayiya alikuwa amekwisha kukaa. Alikaa kwenye mkeka wa Umulkheir, mahali pake, msahafu umefunguliwa mbele yake. Alifundishwa alifu na Umulkheir akiwa mke mpya asiyejua hata kushika kalamu. Alipomwona, aliinamisha kichwa, akajifanya anatafuta ukurasa.

"Miwani yangu ipo dirishani," Umulkheir akasema.

Akaingia kuichukua. Wanawake wakavuta miguu kumpisha, wakamwachia njia pana kuliko alivyohitaji.

Alipofika nyumbani alianza kufikiria kafara ya kiapo. Alijua hakuna shehe ambaye angemdai, kwa kuwa aliapa akiamini ni kweli. Lakini kujua ni jambo moja na kulala ni jambo lingine. Kulisha maskini kumi hakuweza, basi akanuia kufunga siku tatu, Jumanne, Jumatano na Alhamisi.

Njaa inampa mtu muda mrefu wa kukaa na mawazo yake. Siku ya kwanza alikuwa na hasira na marehemu, na alijilaumu kwa hasira hiyo, kwani maiti hana njia ya kujitetea. Siku ya pili, akichambua mchele, alijikuta anahesabu kanda badala ya mawe. Arobaini na moja. Mtu mbahili kama Kamis, aliyekuwa akirekodi juu ya kanda moja mara tatu mpaka utepe unakatika, aliziweka kando arobaini na moja na kuziandika tarehe. Labda mkono ulikataa kufuta. Labda aliona haya kusema hivyo, akaona uongo ni rahisi. Mwanamume wa namna hiyo, Umulkheir aliona, anaweza kusamehewa. Na mwanawe Tajudin, Umulkheir alimwona kwa macho yake akiipandisha ile mashine mgongoni kwenye ngazi za Ntinda, bila mtu wa kumsaidia, siku ya arobaini ya baba yake.

Jumatano, baada ya kufuturu, alimwita mwanawe.

"Kesho nitakuja. Nitasema ndiyo."

Tajudin akapiga magoti, akambusu viganja vyote viwili.

"Kwa sharti moja. Jina langu lisiandikwe. Waandike mke wa Kamis. Sauti imekwisha kutoka, jina libaki nyumbani."

"Sawa, Mama. Lolote, Mama." Alikubali upesi mno, hata kabla sentensi haijaisha. Jambo hilo lilimgusa Umulkheir kidogo, akalifukuza.

*

Chumba cha Tajudin kipo juu ya supermaketi, Ntinda, ghorofa ya pili. Kelele za foleni zilikuwa zinaingia hata dirisha likiwa limefungwa. Ukutani, badala ya magodoro, alikuwa amebandika trei za mayai. Watu walivua viatu mlangoni kwa ajili ya zulia. Reine alikuwa amefika mapema na amekwisha kurekodiwa maneno yake; alikaa karibu na mlango, mkoba umekumbatiwa.

Makokha alisimama kumpokea mgeni. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye Kiswahili cha Kenya.

"Karibu sana, Mama. Pole na safari. Hiyo jam ya huku ni kali."

"Ahsante, mwanangu."

"Mama, kunywa soda," Tajudin akasema, na kopo lilikuwa limekwisha kufunguliwa.

"Nimefunga."

"Aa. Sawa." Akainywa mwenyewe. Hakuuliza ni funga ya nini.

Makokha akaweka kinasa sauti kidogo mezani, akakisukuma mpaka mbele ya Umulkheir. "Mama, wacha niseme wazi, usije ukasema Makokha alinificha kitu. Nakala yangu ya ile karatasi nimeirarua. Mimi nataka sauti yako tu. Useme wewe ni nani, useme umekubali. Ukisema ndiyo, ni ndiyo, na jina nitaandika vile unataka. Usiposema, mimi huo wimbo siuchukui, na mimi na Taju tunapeana mikono kila mtu anaenda kwao. Hakuna mtu atakusumbua. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Lakini kwanza usikie. Mtu hakubali kitu hajasikia."

Tajudin alikuwa amekwisha kuweka kanda. Ilikuwa ileile ya Ijumaa ya mvua, yenye karatasi ya mwandiko wa Kamis. Akabonyeza.

Ilianza mvua. Mvua ya mabati ya Makindye, ambayo Umulkheir aliitambua kama mtu anavyomtambua ndugu. Kisha Reine, msichana, akauliza swali lake la kwanza: bwana wa Nateete amepitia wapi? Na mwanamke akamjibu. Umulkheir alimsikiliza huyo mwanamke. Alikuwa na miaka thelathini na mbili. Hakuwa na woga wowote. Alipokuwa akijibu, aliishika ile sauti ya juu na kuiachia polepole, kama mabibi wa doluka wanavyofanya, na nyuma yake kidole cha Kamis kilikuwa kinapiga ukingo wa meza kufuata mapigo. Umulkheir aligundua kwamba anatabasamu. Hata kama ni dhambi, aliwaza, haikuwa mbaya.

Wimbo ukaisha. Sauti ya Kamis ikasema, karibu sana, "Hiyo ni nzuri. Ngoja niifute." Kitufe kikalia.

"Hapo," Tajudin akamweleza, "hicho kitufe chekundu, Mama, si cha kufuta. Ni cha kurekodi. Alikuwa anasimamisha, kisha anarekodi tena ili uone taa inawaka. Kwa hiyo ikaendelea kushika kila kitu."

Kwenye kanda mwanamke kijana akasema, "Umefuta, baba Taju?" Kamis akasema, "Nimefuta." Mwanamke akasema, "Haya, nikaangalie maharage." Mlango ukafunguliwa, ukafungwa.

Hata hilo Umulkheir alikuwa amekwisha kulisamehe jana. Akakivuta kinasa sauti cha Makokha karibu kidogo, akajiweka sawa, akafungua mdomo kutaja jina lake.

"Zima, Taju," Reine akasema kutoka mlangoni. "Inatosha."

"Bado. Mama hajasikia hii."

"Nimesema zima."

Kanda ikaendelea. Reine yule msichana akauliza, kwa sauti ya chini, "Anaamini kweli?"

"Huyo?" Kamis akasema. "Mwonyeshe taa nyekundu, anakwenda zake jikoni. Miaka mitano sasa." Kisha, kama aliyebana pua, akatoa kisauti chembamba, cha haraka, cha kubembeleza: "Umefuta, baba Taju? Umefuta? Hakuna mtu atasikia? Umefuta?"

Reine wa kwenye kanda akaangua kicheko. Kamis naye akacheka. Kilikuwa kicheko kirefu, cha kifua kizima, kinachokatika na kuanza tena, na katika miaka yote ya ndoa Umulkheir hakuwahi kukisikia nyumbani kwake. Alimjua Kamis kuwa mtu asiyecheka. Aliwahi kuwaambia watu hivyo, matangani, kama sifa ya utulivu wake.

Tajudin akazima, akageuka, uso umejaa furaha. "Hiyo ndiyo tunaiweka mwanzo kabisa, kabla ya wimbo. Kila anayesikia ataipenda. Ni kama yuko nanyi chumbani, wewe na Baba."

Makokha alikuwa anamtazama. "Taju, hii hukuniambia."

"Nilitaka iwe sapraizi."

"Mama Taju," Reine akasema, "nilikuwa msichana. Nilikuwa mjinga. Mi nilitaka kukuambia siku ile, nikashindwa."

Umulkheir hakugeuka upande wa Reine. Macho yake yalikuwa kwa mwanawe, na sauti yake ilipotoka haikuwa ya hasira. Ilikuwa ile anayotumia darasani akitaka mwanafunzi arudie aya.

"Siku uliyoisikia mara ya kwanza, ulikuwa na nani?"

"Peke yangu."

"Ulifanya nini?"

Tajudin alimtazama Makokha, akatazama mashine. Alikuwa na nafasi ya kusema lolote, na mama yake alimpa muda wa kulitafuta. Lakini alikuwa mtoto aliyelelewa kutodanganya akiulizwa uso kwa uso, na pengine hakuona bado kuna kitu cha kuficha.

"Nilicheka, Mama," akasema. "Kidogo. Baba alivyokuigiza... ni wewe kabisa."

Kinasa sauti kilikuwa mezani, tayari, kimeelekezwa kwake. Makokha akakisogeza tena, kwa kidole kimoja, kwa adabu. "Mama, hakuna haraka. Ukiwa tayari."

Wote watatu wakangoja. Umulkheir akainuka, akautengeneza mtandio, akaenda mlangoni. Akainama, akavaa kiatu cha kulia, akavaa cha kushoto, akivifunga vizuri kamba zake, wakati Reine amevuta magoti kumpisha na Tajudin anaita, "Mama. Mama, ngoja, hatujarekodi." Akafungua mlango, akatoka bila kuisema ile ndiyo.